Migongo Iliyopimwa na Migongo Iliyoachwa: Habari za Matibabu Katika Mji wa Likasi

Habari za mji wa Likasi, ulioko katika jimbo la Haut-Katanga yapata kilomita 120 kaskazini magharibi ya Lubumbashi, zimeandikwa mara nyingi kwa hesabu ya shaba na kobalti iliyotolewa katika ardhi yake, na mara chache kwa hesabu ya siha ya watu walioitoa. Na katika habari hizo chache za siha, hapana sura iliyopitwa kwa haraka zaidi kuliko ile ya watu waliozaliwa na kasoro ya uti wa mgongo, wakakua nayo bila ya mkono wa tabibu kuigusa, hata wakaingia utu uzima wamepinda au wamepooza miguu, majirani wakidhani kwamba hivyo ndivyo walivyoandikiwa tangu azali. Makusudi ya makala hii ni kueleza kwamba mengi yaliyodhaniwa kuwa ni kudura yalikuwa na historia, na kwamba historia hiyo inaweza kusomwa katika mji wenyewe, katika namna ulivyojengwa, ulivyopima watu wake, na ulivyowaacha.

Yafaa kwanza maradhi yenyewe yafahamike. Uti wa mgongo wa mwanadamu huumbika mapema mno, aghalabu kabla mama hajawa na yakini kwamba ana mimba. Mfereji wa neva, ambao ndio asili ya ubongo na ya uti ulio ndani ya mifupa, hufunga kabla siku 28 hazijatimia tangu mimba kutungwa, na pingili za mifupa hujipanga katika majuma yanayofuata. Mfereji ule ukikosa kufunga upande wa chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi, juu ya kiuno chake pana uvimbe wa maji, miguu haina nguvu, kibofu hakina amri, na mara nyingi maji hujaa kichwani. Pingili moja ikiumbika nusu, ama mbili zikizaliwa zimeshikamana kwa upande mmoja, mtoto aweza kuonekana mzima siku ya kuzaliwa, lakini kila akuapo uti wake hupinda, maadamu upande mmoja unarefuka ilhali wa pili umefungwa. Upindaji huo hukimbia katika nyakati mbili, miaka mitano ya mwanzo na majira ya kubalehe, na baada ya hapo mifupa hukaza. Wahenga waliposema udongo uwahi ungali maji hawakuwa wakifikiria pingili za mgongo, lakini hapana tabibu wa mifupa atakayeupinga usemi wao: tendo dogo katika umri wa miaka mitatu laweza kuzuia lile ambalo tendo kubwa na la hatari katika umri wa miaka thelathini haliwezi kulirudisha lote.

Wala si kila kibiongo amezaliwa hivyo. Katika mwaka 1779 mpasuaji wa Kiingereza, Percivall Pott, alieleza ulemavu wa mgongo uliofuatana na kupooza miguu, ambao baadaye ulijulikana kuwa ni kifua kikuu kilichoingia katika mifupa. Na kwa kuwa kifua kikuu hufuatana na msongamano wa watu na vumbi la machimbo, miji ya migodi imekuwa na wengi waliopinda kwa sababu hiyo. Kuchanganya makundi haya mawili ni hasara kwa yote mawili, kwani mwenye kifua kikuu huhitaji dawa za miezi mingi, na aliyezaliwa na kasoro huhitaji kufuatiliwa tangu utoto. Na pasipo picha ya eksirei mtaani wote huitwa kwa jina moja na kuachwa kwa namna moja.

Sasa tuutazame mji. Shaba ya nchi hii ilifuliwa na wenyeji karne nyingi kabla ya Wazungu, ikamiminwa katika umbo la misalaba iliyotumika kuwa mali na mahari. Katika karne ya kumi na tisa Msiri, aliyetoka Unyamwezi, alijenga dola yake huko Bunkeya, akafanya biashara na misafara ya pwani, na kwa njia hiyo Kiswahili kikapata maskani Katanga. Akauawa na watu wa Mfalme Leopold tarehe 20 Desemba 1891. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, reli ikafika Kambove mwaka 1913, na machimbo ya Likasi yakafunguliwa mwaka 1917. Katika mtaa wa Panda kukajengwa mitambo ya kutayarisha mawe na kambi ya wafanyakazi. Katika mtaa wa Shituru, mwaka 1929, kikasimama kiwanda cha kusafisha shaba kwa umeme. Na mwaka 1931 mji ukapewa jina la Jadotville, kwa heshima ya Jean Jadot, mhandisi Mbelgiji aliyepata kuongoza ujenzi wa reli ya Peking mpaka Hankou huko Uchina. Jina hilo liliondolewa mwaka 1966, na lile la asili likarudi.

Mji wa namna hii haukuanza na watu ukatafuta kazi. Ulianza na kazi ukatafuta watu. Tangu mwaka 1910 palikuwa na ofisi maalumu, Bourse du Travail du Katanga, iliyotuma waandikishaji katika vijiji vya mbali, na baadaye wafanyakazi wakaletwa hata kutoka Rwanda na Urundi. Kila mtu aliyeletwa alisimamishwa mbele ya tabibu au msaidizi wake, akapimwa uzito, akatazamwa kifua, akaangaliwa viungo. Na aliyeonekana hafai kubeba, kuchimba wala kusukuma magari ya mawe alirudishwa alikotoka. Uti wa mgongo ulikaguliwa Likasi, na ulikaguliwa kwa bidii, lakini swali lilikuwa moja tu, kama waweza kustahimili mzigo. Mwenye kasoro alipata jibu la hapana, hakupata tiba, na jibu hilo likamrejesha kijijini ambako hapakuwa na hospitali. Ndiyo maana katika miaka ile ya mwanzo kambi zilionekana hazina walemavu wa kuzaliwa: walikuwako nchini kama wako popote, isipokuwa lango lilikuwa limewachuja.

Mambo yalibadilika pale kampuni ilipotambua kwamba kuleta wageni kila msimu kuna gharama kubwa. Vifo vya kambini vilikuwa vingi, na homa ya mafua ya mwaka 1918 ilikuwa imeonyesha jinsi watu waliosongamana wanavyokufa. Katikati ya miaka ya ishirini Union Minière ikaanza siasa ya kumtuliza mfanyakazi mahali pamoja: mikataba ya miaka mitatu, nyumba ya ndoa, posho ya mke na ya watoto, zahanati ya uzazi na kituo cha kupima watoto wachanga. Mwenye fikira hiyo kuliko wote alikuwa tabibu Léopold Mottoulle, aliyesimamia matibabu ya kampuni na kisha idara yake ya wafanyakazi Waafrika, naye mwaka 1946 alichapisha kitabu kizima kuisifu siasa hiyo. Mama aliyempeleka mtoto mizanini kwa siku zilizopangwa alipata chakula. Asiyempeleka alihatarisha posho yake.

Insafu yatulazimisha kusema kwamba kazi hii iliokoa roho nyingi, na bibi wengi wa Panda na Shituru walijifungua mikononi mwa wakunga waliofunzwa katika zama ambazo vijiji vya jirani havikuwa na hata dawa ya malaria. Hata hivyo insafu hiyohiyo yadai tuseme la pili. Mizani ile iliwekwa ili ipatikane jamii mpya ya vibarua wenye nguvu, watoto wa kambi wakirithi kazi ya baba zao, na kitu kinachotafuta nguvu hakina daftari la udhaifu. Mtoto aliyepungua uzito aliongezewa maziwa, kwa kuwa alitarajiwa kupona na kufanya kazi; mtoto aliyezaliwa na pingili nusu hakuwa katika hesabu ya yeyote, na mwenye mgongo wazi aghalabu alikufa kwa uambukizo katika majuma ya mwanzo, akaandikwa miongoni mwa vifo vya wachanga bila ya zaidi.

Msomaji atauliza kwa haki kama wakati ule palikuwa na tiba popote duniani. Ilikuwapo, nayo ilikuwa ikikua. Russell Hibbs wa New York alifanya tendo la kuunganisha pingili mwaka 1911, mwaka mmoja tu baada ya reli kufika Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Katikati ya miaka ya hamsini, huko Philadelphia, fundi wa mashine aliyeitwa John Holter, ambaye mwanawe alizaliwa na mgongo wazi na kichwa chenye maji, alitengeneza kwa mikono yake vali ndogo ya kuyaondoa maji hayo, akishirikiana na mpasuaji Eugene Spitz, na kuanzia hapo maelfu ya watoto ambao zamani walihesabiwa kuwa maiti wakaishi. Paul Harrington wa Houston alitangaza vyuma vyake vya kunyosha uti mwaka 1962. Robert Winter na John Moe wa Minnesota wakachapisha mwaka 1968 uchunguzi wa wagonjwa 234 waliozaliwa na uti uliopinda, wakabainisha ni kasoro zipi zitatulia zenyewe na ni zipi zitakimbia, ili tabibu asimpasue asiyehitaji wala asimcheleweshe anayehitaji. Elimu hii yote ilizaliwa katika miaka ileile ambayo shaba ya Likasi ilikuwa ikisafiri kwa meli kwenda kutengeneza nyaya za ulimwengu. Shaba ilipata njia ya kutoka. Elimu haikupata njia ya kuingia.

Sababu mojawapo ni kwamba hawakuandaliwa watu wa kuipokea. Siku Kongo ilipopata uhuru, tarehe 30 Juni 1960, nchi nzima haikuwa na tabibu hata mmoja Mkongo mwenye shahada. Walikuwako wasaidizi wa matibabu, watu wenye akili na uzoefu ambao wakoloni hawakutaka kuwapandisha daraja. Mmoja wao alikuwa Jason Sendwe, kiongozi mashuhuri wa Katanga, ambaye jina lake leo limo katika hospitali kubwa ya Lubumbashi. Makumi ya wasaidizi hao walipelekwa Ufaransa na Shirika la Afya Duniani wakamalize masomo, na wakati huo Katanga ilikuwa imejitenga, na mji wenyewe ukapigana vita vyake: Septemba 1961 askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa walizingirwa Jadotville kwa siku tano. Katika hali kama hiyo nani angeuliza habari za mtoto ambaye bega lake moja limepanda juu kuliko la pili?

Mwaka 1967 mali ya Union Minière ikawa mali ya dola, na kampuni mpya, iliyojulikana baadaye kwa jina la Gécamines, ikarithi migodi, shule, makantini na hospitali. Kwa robo karne iliyofuata mwana wa mfanyakazi alitibiwa bure. Naye mwenye kasoro ya mgongo, alau, aliweza kuonwa na tabibu, kupigwa picha, na pengine kuandikiwa safari ya Lubumbashi. Lakini haki hiyo ilikuwa ya kadi, na kadi ilikuwa ya baba. Jirani muuza mboga, mkulima wa kando ya mto Lufira, na mjane aliyepoteza haki za mumewe walitazama ukuta wa hospitali kutoka nje. Halafu hata wenye kadi wakaanguka. Mgodi wa Kamoto, huko Kolwezi, ulibomoka mwaka 1990. Mwaka 1992 watu wenye asili ya Kasai, wakiwemo watumishi wengi wa Gécamines, walifukuzwa Likasi na wakalala katika stesheni ya reli kungoja magari yasiyokuja. Shaba ya kampuni, iliyokaribia tani 476,000 mwaka 1986, ikashuka chini ya tani 50,000 mwaka 1993. Mishahara ikakatika kwa miezi mingi, na mwaka 2003 wafanyakazi 10,655 wa Gécamines wakaachishwa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu alipoandika juu ya jamii hizi, alizitaja katika anwani ya kitabu chake kuwa ni watoto wa shaba walioachwa na baba yao, na ukali wa neno hilo wajulikana zaidi na mtoto ambaye tiba yake ilikuwa imeandikwa katika jina la baba huyo.

Kizazi kilichozaliwa katika miaka hiyo ya maanguko ndicho leo chenye umri wa miaka thelathini na arubaini. Ndani yake wamo waliofika utu uzima na uti ambao hakuna aliyeugusa, na yafaa tujue maana yake. Mgongo uliopinda sana kifuani huyabana mapafu. Mtu huishiwa na pumzi akipanda kilima, na kadiri miaka ipitavyo moyo wenyewe huelemewa. Uti uliokunjika kwenda mbele kwa sababu ya pingili isiyotimia waweza kuiminya neva taratibu, hata mtu aliyetembea miaka ishirini akaamka miguu ni mizito. Aliyenusurika na mgongo wazi huishi na kibofu kisichomwaga vizuri, mkojo ukarudi nyuma na kuharibu figo, na huishi na ngozi isiyohisi, jiwe la moto au kiatu kibaya kikamtoboa bila ya yeye kujua. Mwanamke mwenye kiwiliwili kifupi na nyonga iliyolala upande huhitaji kujifungulia hospitali. Pamoja na haya yote iko mizigo isiyo ya mwili: shule aliyotolewa kwa kuwa ilikuwa mbali, ndoa iliyokataliwa, mama aliyetuhumiwa kwa uchawi au kwa kuvunja mwiko ambao hakuuvunja.

Katika karne hii tuhuma nyingine imetokea, nayo yastahili kusikilizwa kwa utulivu, kwa sababu ina hoja. Maji machafu ya viwanda vya Likasi yamekuwa yakiteremka kwa miongo mingi kuelekea ziwa la Tshangalele. Shinkolobwe, yapata kilomita 20 kutoka mjini, ndiko ilikotoka sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima. Na baada ya Gécamines kudhoofika, maelfu ya wachimbaji wadogo wamechimba kobalti kwa mikono, wakarudi nyumbani na vumbi lake katika nguo. Mwaka 2009 jopo la Célestin Banza la Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na Benoit Nemery wa Leuven, lilionyesha kwamba wakazi wa karibu na migodi na viwanda vya Katanga walikuwa na kobalti katika mkojo kwa kiasi kilicho miongoni mwa vikubwa kabisa vilivyopata kuandikwa kwa raia wa kawaida. Kisha katika mwaka 2020 wachunguzi hao na wenzao walitangaza matokeo ya kuwalinganisha watoto 138 waliozaliwa Lubumbashi na kasoro za wazi, baina ya mwaka 2013 na 2015, na watoto 108 wasio na kasoro: baba kufanya kazi ya migodi kulifuatana na hatari iliyozidi mara tano. Wachunguzi hawakuitia hatiani metali moja peke yake, nasi tusiwatangulie. Lakini kwa mji unaoishi juu ya mawe hayo, ushahidi huu unatosha kudai kwamba mchimbaji aoge na kubadili nguo kabla ya kuingia kwake, na kwamba wenye migodi walipie maji hayo na bafu hizo.

Kuna kinga nyingine ambayo haingoji uchunguzi mpya. Mwaka 1991 majaribio yaliyosimamiwa na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza yalithibitisha kwamba asidi ya foliki, ikitumiwa na mama kabla ya kushika mimba na katika majuma ya mwanzo, ilipunguza kurudia kwa mgongo wazi kwa asilimia 72. Vidonge vinavyotolewa kliniki katika mwezi wa tano wa mimba ni vyema kwa damu ya mama, ila kwa mfereji wa neva vimechelewa miezi minne. Ndiyo sababu Tanzania mwaka 2011 na Kenya mwaka 2012 ziliamuru unga wa viwandani utiwe virutubisho hivyo. Watu wa Likasi hula bukari, yaani ugali, kila siku, na unga wake hutoka kwa sehemu kubwa katika mashine ndogo za mtaani ambazo sheria za viwanda hazizifikii. Basi njia iliyo karibu ni majani mabichi, maharagwe, na kidonge cha foliki kwa kila bibi arusi, si kwa mjamzito pekee.

Na kwa wale waliokwisha zaliwa, majirani zetu wameonyesha kwamba Afrika si bara la kungoja. Mbale, Uganda, hospitali ya watoto ya CURE imewatibu maelfu wenye kichwa cha maji na mgongo wazi, na Benjamin Warf alibuni hapo njia ya kutibu ambayo kwa watoto wengi haihitaji vali ya Holter. Kijabe nchini Kenya, na Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili katika Dar es Salaam, hupasua migongo. Na lililo kubwa zaidi kwa shabaha ya makala hii ni kazi ya Oheneba Boachie-Adjei, mzaliwa wa Ghana, aliyefungua karibu na Accra hospitali ya FOCOS mwaka 2012, na ya tabibu Rick Hodes wa Addis Ababa, ambaye tangu mwaka 2006 amewapeleka Ghana vijana wa Ethiopia wenye migongo iliyopinda kupita kiasi, wengine wakivutwa kwanza polepole kwa majuma mengi kwa pete iliyofungwa kichwani, ndipo wakapasuliwa. Matendo hayo ni ghali na yana hatari, tena si kila mtu mzima afaaye kuyafanyiwa. Lakini yameifuta kauli ya kwamba aliyechelewa amekwisha. Hata asiyepasuliwa ana haki ya kufundishwa kutoa mkojo kwa mpira safi, kulinda ngozi yake, kupimwa mapafu, na kupata kiti cha magurudumu kinachomwenea.

Sheria ya Kongo ya tarehe 3 Mei 2022 juu ya kulinda na kukuza haki za watu wenye ulemavu imempa mtu huyo jina la raia mwenye haki mahali ambapo mji ulimpa jina la asiyefaa kazi. Ili jina hilo liwe na nguvu, mambo matatu yatosha kuanzia. Mkunga, katika kila zahanati ya Kikula, Panda, Shituru na Likasi yenyewe, amgeuze mtoto mchanga kifudifudi na apitishe kidole juu ya uti wake, kutoka shingoni hata kiunoni, kabla ya kumfunika. Mwalimu wa darasa la kwanza amwambie mzazi akiona bega limepanda au mbavu zimetokeza. Na nduguye mtu mzima aliyefichwa nyumbani amtoe ampeleke kwa tabibu, hata ikiwa ni mara ya kwanza baada ya miaka arubaini, kwa maana mji uliojua kuipima migongo ili ibebe mzigo hauna udhuru wa kushindwa kuipima ili ipone.